Mahindi, Mawese na Petroli: Hesabu Iliyotupasa Kuifanya

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu kwenye Mkutano wa Sherehe za Miaka Kumi



Desturi ya siku kama ya leo ni kutaja yaliyofanyika na kuwasifu waliofanya, na kazi hiyo Mwenyekiti wetu amekwisha kuifanya vizuri kuliko tuwezavyo sisi. Lakini Halmashauri imetuagiza tuseme juu ya jambo moja lisilokwisha, jambo ambalo limeletwa na wanachama wenyewe, na ambalo litapigiwa kura katika mkutano mkuu ujao. Nalo ni hili: je, Chama Kikuu kitoe fedha za mfuko wa akiba kujenga mtambo wa kukeneka spiriti kutokana na mahindi yetu, ili itumike badala ya petroli katika mashua, pikipiki na magari ya mkoa huu?

Wazo hili halikutoka kwa watu wapumbavu. Lilizaliwa mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mafuta duniani, na petroli ikapita shilingi 3,000 kwa lita katika nchi yetu, hata Serikali ikatenga shilingi bilioni 100 za ruzuku kwa mwezi wa Juni ili kupunguza makali. Mvuvi wa Kibirizi aliona faida ya usiku mzima ikimezwa na injini. Mkulima wa Kasulu aliona nauli ya gunia ikipanda. Tena wakulima hao hao walikuwa wanakumbuka mwaka 2017, mahindi yalipozuiwa kuvuka mpaka kwenda nje, bei ikaanguka, na watu wakabaki na magunia ndani yasiyo na mnunuzi wa maana. Mtu aliyeona mambo hayo mawili hakosi kujiuliza: Ikiwa petroli ni ghali na mahindi ni rahisi, kwa nini tusiyageuze mahindi kuwa petroli? Swali hilo ni la haki, na linastahili jibu la hesabu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi leo tufungue daftari.

Kwanza tukumbuke mahali tulipo. Toka zamani shida ya Kigoma na Ujiji imekuwa ni umbali. Kabla ya reli, bidhaa zilitoka pwani kuja Ujiji juu ya mabega ya wapagazi, na wapagazi hawakutembea kwa upepo. Walitembea kwa posho. Kila mzigo uliofika Ujiji ulikuwa umekula nafaka njia nzima. Hivyo, kutumia chakula kuendesha usafiri si jambo jipya hapa kwetu, na wazee wetu walilijua gharama yake. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, kilomita 1,252 kutoka Dar es Salaam, ilipunguza ulaji huo, kwa sababu garimoshi moja lilibeba mizigo ya maelfu ya wapagazi bila kula posho ya mtu hata mmoja. Meli yetu Liemba, iliyoshushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915, ilianza kwa nguvu za mvuke na katika miaka ya 1970 ikawekewa injini za dizeli. Kila mara watu waliacha nguvu moja na kushika nyingine, si kwa sababu ya fahari, bali kwa sababu nguvu mpya ilibeba mzigo uleule kwa gharama ndogo zaidi. Hicho ndicho kipimo cha kuupimia mtambo huu pia.

Sasa tuipime spiriti yenyewe. Mahindi yana wanga. Wanga ukipikwa na kutiwa vimeng'enya hugeuka sukari. Sukari ikitiwa hamira huchacha na kuwa pombe. Pombe ikikenekwa hutoa spiriti, ambayo wataalamu huiita ethanoli. Katika viwanda vikubwa vya Marekani, vyenye mitambo bora, gunia la kilo 100 hutoa lita 40 hivi za spiriti, na hubakiza kilo 30 hivi za machicha makavu yafaayo kulisha ng'ombe, nguruwe na kuku. Lakini lita moja ya spiriti haina nguvu sawa na lita moja ya petroli. Nguvu yake ni kama theluthi mbili tu. Kwa hiyo zile lita 40 hufanya kazi ya lita 26 za petroli. Tafadhali mlishike neno hili, maana wauzaji wa mitambo hutaja lita 40 kwa sauti kubwa, na zile 26 hawazitaji kabisa.

Tutoe mfano. Tarakimu zifuatazo si bei za soko la leo. Ni za kutuonyesha njia ya hesabu, na kila chama cha msingi kiweke bei zake. Tuseme petroli ni shilingi 3,000 kwa lita. Lita 26 ni shilingi 78,000. Tuseme gharama ya kupika, kuchachua na kukeneka, pamoja na kuni au mvuke, vimeng'enya, mishahara, na riba ya fedha zilizojenga mtambo, ni shilingi 700 kwa kila lita ya spiriti. Kwa lita 40 ni shilingi 28,000. Tuseme tena machicha kilo 30 yanauzwa shilingi 500 kwa kilo. Hayo ni shilingi 15,000. Basi toa 28,000 katika 78,000, kisha ongeza 15,000: utapata shilingi 65,000. Hiyo ndiyo bei ya juu kabisa ambayo mtambo unaweza kumlipa mkulima kwa gunia moja pasipo kula hasara na pasipo kupata hata senti moja ya faida.

Wakati wa mavuno, gunia likiwa shilingi 50,000, mtambo utacheka. Lakini je, miezi ya Januari na Februari, maghala yanapokuwa matupu na gunia likafika shilingi 100,000? Mtambo utanyamaza. Na mtambo ulionyamaza hauachi kudai riba. Ukiufanya ufanye kazi miezi 12, lazima ununue mahindi ya miezi yote wakati wa mavuno na kuyaweka ghalani. Nasi twauliza: Chama chenye uwezo wa kununua mahindi mengi wakati wa mavuno na kuyatunza salama mpaka Februari, kwa nini kiyachome? Si afadhali kiyauze kama mahindi kwa shilingi 100,000? Faida iliyokuwa inatafutwa kwenye mtambo imekwisha kuonekana kwenye ghala.

Kuna jambo la pili katika bei hiyo ya petroli. Bei ambayo sisi hulipa kituoni, ambayo kilele chake hutangazwa kila mwezi na EWURA, si bei ya mafuta peke yake. Ndani yake mna kodi na tozo, nazo ni sehemu kubwa, na katika hizo mna fedha za kutengeneza barabara. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba theluthi moja ya bei ni kodi na tozo. Ukiziondoa, lita ya petroli inabaki shilingi 2,000, na lita 26 ni shilingi 52,000. Toa 28,000, ongeza 15,000, unabaki na 39,000. Maana yake ni kwamba, hata wakati wa mavuno, faida yote ya spiriti ingetokana na kutolipa kodi ile, wala si kutokana na mahindi. Barabara ya Kigoma kwenda Kasulu, ambayo wanachama wetu wameilia kwa miaka mingi, ingekosa fungu lake kwa kiasi hicho. Mkulima angepewa kwa mkono wa kulia na kunyang'anywa kwa mkono wa kushoto.

Wamarekani, ambao ndio mabingwa wa kazi hii, wanatuonyesha jambo hilo waziwazi. Toka mwaka 1978 Serikali yao ilisamehe kodi ya spiriti iliyochanganywa na petroli, na msamaha wa namna hiyo uliendelea kwa sura mbalimbali mpaka mwisho wa mwaka 2011. Juu yake, sheria za mwaka 2005 na 2007 ziliwalazimisha wauza mafuta kuchanganya spiriti katika petroli, kwa kiasi kilichopangwa kupanda kila mwaka. Matokeo yake ni kwamba zaidi ya theluthi moja ya mahindi ya nchi ile hupelekwa viwandani kukenekwa, na karibu petroli yote inayouzwa huko ina spiriti sehemu 10 katika 100. Wakulima wao walipata soko, na hilo hatulikani. Lakini soko hilo lilisimikwa kwa amri na kwa hazina ya taifa tajiri kuliko yote duniani. Mfuko wetu wa akiba hauna amri wala hazina.

Na hata huko wataalamu waligombana juu ya jambo la msingi: je, nguvu inayotoka katika spiriti ni kubwa kuliko nguvu iliyotumika kuipata? Maana trekta hunywa dizeli, mbolea hutengenezwa kwa gesi, na kukeneka kunataka moto. Mwaka 2002 Hosein Shapouri na wenzake wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walikadiria kwamba kila kipimo kimoja cha nguvu kilichotumika kilirudisha kipimo kimoja na sehemu 34 katika 100. Mwaka 2005 David Pimentel wa Chuo Kikuu cha Cornell, pamoja na Tad Patzek, walisema kinyume: kwamba nguvu iliyotumika ilizidi iliyopatikana kwa sehemu 29 katika 100. Hatukusudii kuwaamua wakubwa hao. Twasema hivi tu: ikiwa mjadala ni juu ya faida nyembamba kiasi hicho katika nchi ambako shamba la mahindi hutoa mara nyingi kuliko la kwetu, basi sisi tuwe na hadhari kubwa zaidi.

Tazameni shamba letu. Mkulima mdogo wa Tanzania huvuna kwa wastani kama magunia 6 kwa ekari. Magunia 6 ni sawa na lita 156 za petroli. Injini ya mashua ya nguvu farasi 40 ikienda kwa kasi hunywa lita 15 hivi kwa saa. Basi ekari nzima, jasho la mama na watoto toka kulima hadi kupukuchua, huendesha mashua moja kwa saa kumi na kidogo. Haitoshi hata kwa siku moja ya mwambao. Ekari hiyo hiyo, kwa kadiri ya gunia moja kwa mtu kwa mwaka, hulisha watu sita. Bwana Mwenyekiti, hatusemi haya ili kuwatia watu huruma. Twasema kwa sababu watu sita hao nao ni wanunuzi wa mahindi, na mtambo utashindana nao sokoni.

Ushindani huo si wa kukisia. Kati ya mwaka 2006 na katikati ya mwaka 2008 bei ya mahindi duniani ilipanda zaidi ya mara mbili. Sababu zilikuwa nyingi: mafuta ghali, ukame, na serikali kuzuia mazao yasitoke, lakini viwanda vya spiriti vilikuwa miongoni mwake. Mwezi wa Januari 2007 watu wa Mexico, ambao mkate wao ni wa mahindi kama ugali ulivyo kwetu, waliingia barabarani kulalamikia bei. Mkoa wetu hauli mahindi yake peke yake. Burundi na Kongo hununua kwetu, na kambi za wakimbizi zimo katikati yetu. Tuko katika mkoa ambao mnunuzi wa chakula hakosekani. Anayekosekana ni ruhusa, ghala na barabara.

Pengine mtu atasema: Katibu anataja Marekani tu, je, hakuna Mwafrika aliyefaulu? Yupo, na yatupasa kujifunza kwake. Malawi, nchi isiyo na bahari, ilianza kukeneka spiriti huko Dwangwa mwaka 1982 na kuichanganya na petroli, na kazi hiyo ilidumu. Kwa nini ilidumu? Kwanza, haikutumia mahindi. Ilitumia molasi, yaani masalio mazito ya kiwanda cha sukari, ambayo pale ndani ya nchi hayakuwa na mnunuzi wa maana kwa sababu nauli ya kuyapeleka pwani ilizidi thamani yake. Pili, petroli ilikuwa ghali kwa sababu ya umbali ule ule. Umbali uliishusha thamani ya molasi na kuipandisha ya petroli, na katikati ya hayo mawili ndimo faida ilimopatikana.

Kenya nao walijaribu. Kule Kisumu mtambo mkubwa ulianzwa katika miaka ya 1970, ukala fedha nyingi kuliko zilizokadiriwa, na mwaka 1982 ukaachwa kabla haujatoa kitu. Kule Muhoroni mtambo mwingine, mdogo na wa kiasi, ulitoa spiriti ya molasi, na toka mwaka 1983 ikachanganywa na petroli iliyouzwa Nairobi. Lakini mwaka 1993 kazi hiyo ya kuchanganya ilikoma. Bei ilipangwa na Serikali, madeni ya mtambo yalikuwa ya fedha za kigeni, na spiriti ikapata wanunuzi wengine waliolipa zaidi. Hapo pana funzo la mhasibu: usikope kwa dola kitu utakachokiuza kwa shilingi, wala usijenge kiwanda ambacho bei ya kununua na bei ya kuuza zote mbili hazimo mikononi mwako.

Nasi Watanzania tunayo daftari yetu. Kati ya mwaka 2005 na 2011 nchi hii ilijaa wageni waliotaka ardhi ya kulima mafuta ya mitambo. Kisarawe, kampuni ya Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 kwa ajili ya mbono, na mwaka 2011 ikafilisika. Kilwa, kampuni ya Kiholanzi ya BioShape ilianza mashamba ya mbono, na mwaka 2010 nayo ikafilisika. Bagamoyo, Waswidi wa SEKAB walitaka miwa ya spiriti, wakajitoa mwaka 2009. Kigoma kwetu kampuni ya FELISA ilikuja na mpango wa michikichi ya kutoa dizeli. Vijiji vingine vilitoa ardhi kwa ahadi ya visima, zahanati na ajira. Kampuni zilipoanguka, ahadi zilianguka nazo, lakini ardhi haikurudi kwa wepesi uleule iliotolewa. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Juu ya mawese hasa tunalo neno, kwa kuwa ni mali ya mwambao wetu. Ni kweli kwamba mafuta ya mimea huweza kuendesha injini ya dizeli. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga mbele ya watu. Lakini linganisheni bei. Tanzania huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula, na mengi ya hayo ni mawese ya Malaysia na Indonesia, yanayovuka bahari na kisha kupanda reli kuja hadi Kigoma, mahali ambapo michikichi huota yenyewe kando ya vijito! Kuchoma mawese ndani ya injini na kununua mawese ya kukaangia ni sawa na kuuza jembe ili ununue mpini. Ndiyo sababu mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipokuja kuanzisha kampeni ya zao hili hapa Kigoma, shabaha yake ilikuwa ni mafuta ya kula. Kituo cha utafiti cha Kihinga kinazalisha mbegu ya tenera, yenye gamba jembamba na nyama nyingi, ambayo ikitunzwa hutoa mafuta mara kadhaa kuliko michikichi yetu ya zamani yenye gamba nene.

Kuna hoja nyingine mbili za mtambo ambazo lazima tuzijibu. Ya kwanza ni ya vijana wetu, wanaosema: wazee wamekeneka gongo miaka nenda miaka rudi kwa sufuria na bomba, ya nini kuogopa? Jibu ni kwamba gongo lina maji mengi. Spiriti ya kuchanganya na petroli haina budi kuondolewa maji karibu yote, na kwa kukeneka kwa kawaida huwezi kupita sehemu 95 au 96 katika 100. Baada ya hapo inatakiwa mitambo maalumu ya kuyakausha. Wala sheria, toka ile ya mwaka 1966 juu ya pombe ya moshi, haimruhusu mtu kukeneka apendavyo. Tena petroli yenye spiriti hunyonya maji kutoka hewani. Maji yakizidi, spiriti huachana na petroli, ikashuka chini ya tangi. Mtu wa gari hupata taabu kando ya barabara. Mtu wa mashua, mafuta yake yakiwa kwenye madumu yaliyo wazi kwa mawimbi na umande, atazimikiwa na injini katikati ya Ziwa Tanganyika, usiku, upepo ukivuma. Na injini nyingi za mwambao ni kuukuu. Spiriti hulainisha mipira yake ya zamani na kuiharibu. Chama cha wavuvi na wakulima hakiwezi kuuza kitu hicho kabla ya kulitazama jambo hili.

Hoja ya pili ni bora zaidi, nayo yasema: tusikeneke mahindi mazuri, tukeneke yaliyooza na yenye sumukuvu. Twakumbuka kwamba mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara; kwa hiyo kuyaondoa mahindi hayo sokoni ni wema. Spiriti itokayo humo ni safi, maana sumu haipandi na mvuke. Lakini sumu hiyo haipotei. Hubaki yote kwenye machicha, na kwa kuwa machicha ni kama theluthi ya uzito, sumu hukolea kama mara tatu. Hayafai kulishwa mnyama. Zile shilingi 15,000 za machicha zafutika kwenye hesabu yetu. Afadhali kinga: maturubai ya kuanikia, mashine ya kupima unyevu, na mifuko isiyopitisha hewa.

Ili kuwa waadilifu, tutaje pia mahali ambapo mahindi yenyewe yamefaulu. Katika jimbo la Mato Grosso huko Brazili, mbali na bahari, toka mwaka 2017 vimejengwa viwanda vikubwa vya spiriti ya mahindi. Lakini kule mahindi ni zao la pili katika shamba lililokwisha kuvunwa soya. Ni mengi kupita kiasi, na nauli ya kuyafikisha bandarini ni kubwa. Moto wa mitambo hutoka katika miti iliyopandwa kwa kazi hiyo, na machicha huliwa na ng'ombe wengi walioko jirani. Sisi je? Majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wanayahitaji mahindi yetu. Na kuni zetu? Mwaka 1994 watu wa Taasisi ya Jane Goodall walianzisha kazi ya TACARE katika vijiji vya Kigoma kwa sababu milima inayozunguka Gombe ilikuwa imebaki tupu. Mtambo wa kuni katika milima hiyo ungekula miti kwa siku zaidi ya ile tuipandayo kwa mwezi.

Basi, Bwana Mwenyekiti, Halmashauri inashauri mambo manne.

La kwanza, fedha za mfuko wa akiba zisijenge mtambo wa spiriti ya mahindi. Zijenge na kuimarisha maghala, ili mwanachama apokee malipo ya kwanza wakati wa mavuno na malipo ya pili mahindi yanapouzwa kwa bei nzuri. Adui wa mkulima mwaka 2017 hakuwa ukosefu wa spiriti. Alikuwa ni kulazimika kuuza siku ile ile ambayo kila mtu anauza.

La pili, michikichi mipya ya tenera ienezwe katika vyama vya mwambao, na mawese yauzwe kama chakula, na mafuta ya mise yaende kwenye sabuni. Makumbi, vifuu na mashada matupu, ambayo leo hutupwa au kuchomwa ovyo, yatumike kupikia mawese badala ya kuni za msituni. Hiyo ndiyo nishati ya mimea iliyo halali kwetu: ile isiyotoka kwenye sahani ya mtu.

La tatu, tupunguze petroli kabla ya kutafuta badala yake. Wavuvi waliokwisha kuacha karabai za mafuta ya taa na kushika taa za betri na za nguvu za jua wanajua jinsi mfuko ulivyopumua. Majenereta ya dizeli yaliyokuwa yakiwasha miji ya mkoa wetu kwa gharama kubwa yalianza kupumzishwa mwaka 2022, gridi ya taifa ilipofika mkoani. Basi mashine zetu za kukoboa na kukamua zipelekwe kwenye umeme. Na mizigo ya vyama vitatu ikiweza kupakiwa kwenye lori moja, isipakiwe kwenye matatu. Lita ambayo haikuchomwa haidai kodi, haidai shamba wala haidai mtambo.

La nne, mlango usifungwe kwa kufuli. Ikiwa siku moja kiwanda cha sukari kitasimama mkoani na molasi ikakosa mnunuzi, au Serikali ikaweka sheria na bei ya kudumu ya spiriti, Halmashauri ifanye hesabu hii upya. Kila mwaka Katibu alete mbele yenu namba tatu: bei ya gunia wakati wa mavuno na wakati wa uhaba, bei ya petroli Kigoma, na gharama ya kukeneka lita moja. Siku namba hizo zitakapobadilika, na uamuzi ubadilike.

Twajua kwamba kwa baadhi ya wanachama maneno haya ni machungu. Kiwanda kina bomba refu linaloonekana kutoka mbali, na ghala ni ukuta tu. Lakini miaka hii kumi hatukuijenga kwa vitu vya kuonekana. Tuliijenga kwa mizani iliyo sawa, kwa stakabadhi, na kwa hisa za watu ambao wengi wao walitoa fedha ya dagaa wa usiku mmoja. Fedha hizo ni zenu, na kura ni yenu. Chukueni hesabu hii mkaisome vijijini, mtie bei zenu mahali petu tuliposema "tuseme", na mje kwenye mkutano mkuu mkiwa mmekwisha kuijua. Atakayepata jibu tofauti na letu kwa hesabu iliyo sahihi, huyo tutampa nafasi ya kwanza kusema.

Twawatakia wote miaka kumi mingine ya umoja na mavuno mema.